Mafunzo Niliyopata Kwenye Makumbusho ya Majimaji, Songea

Watu wengi wanaoshuka stendi ya Songea wana safari nyingine mbele: Mbinga kwenye kahawa, Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, Tunduru kwenye vito. Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yako mtaa wa Mahenge, mwendo mfupi tu kwa bodaboda, na bado utakutana na mwenyeji aliyezaliwa hapohapo mjini ambaye mara ya mwisho kuingia ilikuwa darasa la tano, kwenye foleni, ameshikana mkono na mwenzake. Mimi nimeingia nikiwa na wageni, nikaingia pia nikiwa peke yangu, na haya ndiyo niliyotoka nayo. Hayalingani uzito. Mengine yaliniondolea usingizi, mengine ni ya kumsaidia tu mgeni asipoteze nauli yake.

1. Uanze na mji kabla ya kulipa kiingilio

Songea ulizaliwa kama kambi. Wajerumani walijenga boma lao la kijeshi hapa mwaka 1897, na jina wakalichukua kwa Nduna Songea Mbano, kiongozi ambaye hakuna mtu katika eneo lile angeweza kujifanya hamjui. Miaka tisa baadaye, katika Vita vya Majimaji vya kuupinga utawala wa Kijerumani, serikali ileile iliyouita mji kwa jina lake ikamtia kitanzi. Ukishalijua hilo, kila kibao cha barabarani chenye neno Songea kinakusemesha.

Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye jengo, zunguka. Tazama milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, uelewe kwa nini mwanajeshi angependa kukaa hapa: maji yapo, baridi ya kiasi ipo, na adui anaonekana akiwa mbali. Mwambie kijana wa bodaboda akupitishe Chandamali, kwenye mlima ambako wenyeji huonyesha pango la Nduna Songea. Uliza boma lilikuwa wapi, gereza lilikuwa wapi, watu walinyongewa wapi. Majibu yatatofautiana, na kutofautiana kwenyewe ni sehemu ya historia.

Ukambi haukuisha Wajerumani walipoondoka. Septemba 1916 jeshi la Waingereza liliuteka mji huu katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1960 na 1970 wapiganaji wa FRELIMO walipita mkoa huu kwenda na kurudi Msumbiji. Na hata mpira wa hapa una harufu ya vita: uwanja unaitwa Majimaji, timu inaitwa Majimaji, iliwahi kuchukua ubingwa wa nchi, na mashabiki wake ni Wanalizombe, kwa jina la ngoma ya Wangoni. Sijui mji mwingine Tanzania ambao kushindwa vitani kumegeuzwa jina la kushangilia namna hiyo.

2. Soma majina, moja baada ya jingine

Nje kuna sanamu za viongozi wa Wangoni. Mgeni anasimama katikati yao, anapigwa picha, anasonga mbele. Wanaotajwa kuwa walinyongwa hapa ni mashujaa 67. Siku kubwa ya kunyonga ilikuwa 27 Februari 1906. Kuna kaburi la pamoja la watu 66, na pembeni kaburi la Nduna Songea peke yake.

Kaa kwenye majina. Gama. Mbano. Tawete. Kwa mtu aliyesoma shule yoyote ya mkoa wa Ruvuma, hili ni daftari la mahudhurio la darasa lake. Kuna siku nilikuwa pale na kundi la watoto wa shule ya msingi. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye sweta lililochakaa viwiko, alikutana na jina la ukoo wake. Akaanza kuwaita wenzake kwa kunong'ona, kisha akanyamaza ghafla, akabaki ameweka kidole palepale. Mwalimu akamwambia asonge, wengine wanasubiri. Akasonga, lakini shingo ikabaki nyuma.

Miongoni mwa waliotiwa kitanzi alikuwamo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu, mmoja wa falme za Wangoni. Alikuwamo pia mwanamke, Mkomanile, ambaye alikuwa kiongozi kwa haki yake mwenyewe wala hakuwa mke wa kiongozi. Masimulizi ya Ungoni yanamtaja kuwa miongoni mwa waliompokea mjumbe aliyeleta huku maji, ile dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi. Vitabu nilivyosomea mimi vilimjua Kinjikitile na Abushiri na Mkwawa na Mirambo. Mkomanile nilimkuta Songea nikiwa mtu mzima. Ukienda na binti yako, mwonyeshe huyu kwanza.

3. Pamba haitoshi kueleza vita vya Songea

Shuleni tuliimba sababu: pamba, kodi, kazi za shuruti. Ni kweli kabisa kwa kule vita vilikoanzia. Julai 1905, Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali waliyokuwa wakilazimishwa kuilima, na hapo moto ukawaka. Lakini Nandete ni karibu na pwani ya Kilwa. Kutoka huko mpaka Songea ni siku nyingi za mwendo wa miguu, na Ungoni hakukuwa na mashamba ya pamba ya namna ile.

Basi Wangoni walipigania nini? Hili ndilo swali la kumwuliza mhifadhi, na ukiliuliza utaona uso wake unachangamka. Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1898, rupia tatu, na kila mtu aliichukia. Zaidi ya hapo, wakubwa wa Kingoni walikuwa wamezoea kutawala. Walikuwa na manduna wao, mahakama zao, watu wao wa kuwalimia. Boma lilipokuja likawaacha na vyeo vyao, likachukua mamlaka. Halafu likaja suala la imani. Kabla ya vita, mmisionari mmoja wa misheni ya Peramiho aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, yaani mahali ambapo wahenga wa ukoo walikuwa wakiombwa. Jaribu kufikiri mgeni anaingia kwa jirani yako, anachoma msikiti au kanisa lake, kisha anarudi kwake kula chakula cha mchana.

Kwa hiyo maji yalipofika Ungoni baada ya kupita Umatumbi, Ungindo na kwingineko, yalikuta kuni kavu za mti mwingine. Vita ni vimoja kwa jina tu. Kila kabila liliingia na dai lake, na mtu anayetaka kuvielewa inabidi aulize upya kila anapofika.

4. Wasichekwe walioamini maji

Hapa nina hasira kidogo, nisamehewe. Kila kundi la wageni nililowahi kuongozana nalo huwa na mtu wa kucheka. "Yaani walidhani risasi itageuka maji!" Wengine wanacheka, mhifadhi anatabasamu kwa adabu kama mtu aliyelisikia neno hilo asubuhi hiyohiyo.

Tazama tarehe. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa Ngarambe na ndiye aliyeanza kugawa dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga kabisa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge (mji wa Mahenge ulioko Ulanga, usichanganye na mtaa wa Songea), wakapambana na bunduki za rashasha, mamia wakaanguka mbele ya macho ya wenzao. Tarehe 21 Oktoba kikosi kilichoongozwa na Kapteni Nigmann kiliishambulia kambi ya Wangoni Namabengo na kuwatawanya. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa bado anadhani dawa inazuia risasi. Na bado watu waliendelea kupigana, safari hii kwa vikundi vidogo, kwa kuvizia, misituni, mwaka mzima na zaidi. Nkosi Chabruma wa Mshope, ufalme mwingine wa Wangoni, hakukamatwa. Alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji na kufia huko.

Watu wanaopigana mwaka mzima baada ya dawa kushindwa hawakuwa wakipigana kwa ajili ya dawa.

Na kuna jambo lingine ambalo mchekaji halioni. Wangoni walikuwa wanajeshi wa ukoo. Wazee wao walitoka kusini kabisa, katika misukosuko ya enzi za Wazulu, wakavuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Walipofika huku waliwapiga majirani na kuwachukua mateka kwa miaka mingi. Watu wa namna hiyo kukubali dawa iliyotoka kwa makabila waliyokuwa wakiyadharau, kuinywa na kusimama nao upande mmoja, hilo halikuwa jambo la ushirikina peke yake. Lilikuwa siasa, tena siasa ngumu. Makabila zaidi ya ishirini yaliingia vita hivi. TANU ilipokuja kuwakusanya watu karibu nusu karne baadaye, wazee wengi wa kusini walikuwa na kitu cha kulinganisha.

5. Ukiona mikuki, uliza habari za ghala

Ndani utaona silaha: ngao za ngozi ya ng'ombe, mikuki, marungu, magobore. Wageni huzipenda na watoto huzipenda zaidi. Nami nilizitazama sana mara ya kwanza. Lakini silaha hizi zinadanganya kidogo, kwa sababu zinamfanya mtu aamini kwamba vita viliamuliwa uwanjani, mkuki ukishindwa na risasi.

Vita vya Majimaji viliamuliwa jikoni. Kufikia mwishoni mwa 1905 maofisa wa gavana wa Kijerumani, von Götzen, walikuwa wameona kwamba kumfukuza mtu anayepigana kwa kuvizia hakuna mwisho. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana akieleza kuwa njaa pekee ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Vita vya kawaida vingekuwa tone tu baharini. Basi askari wakaanza kazi nyingine. Kijiji kikichomwa, ghala linachomwa nacho. Mazao yaliyo shambani yanafyekwa. Nafaka inayoweza kubebwa inabebwa kulisha kambi. Mbegu zinaondolewa. Hata watu waliotaka kurudi na kulima walizuiwa. Wamisionari walipolalamika kwamba watu wa Ungoni wanakufa, Kapteni Richter, aliyekuwa mkuu wa Songea wakati huo, aliweka wazi kwamba kwake yeye chakula cha wanajeshi kilikuwepo na cha raia hakikumhusu.

Watu wangapi walikufa? Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilisema kama 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka kusini akikusanya masimulizi ya wazee, aliona idadi inakaribia 250,000 hadi 300,000. Hata ukichukua ile ndogo, wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa wakiwa njiani kutafuta mizizi ya porini, walikufa kwa maradhi yanayomvizia mwenye njaa, walikufa watoto kwanza kisha wazee.

Sasa, njaa utaionyeshaje kwenye kabati la kioo? Hili si kosa la makumbusho ya Songea. Makumbusho ya vita ulimwenguni kote yana udhaifu huo. Upanga unadumu. Ghala la mianzi na udongo lililochomwa halidumu, na mtoto aliyekufa kwa kukosa uji hana kitu cha kuachia wajukuu.

Siku moja nilikaa kivulini nje na mama mmoja mtu mzima, aliyetoka upande wa Namtumbo kuwaleta wajukuu. Nilimsalimu shikamoo, tukaongea habari za mvua, kisha nikamwuliza kama kwao walisimuliana habari za vita.

"Vita?" akasema. "Sisi hatukusimuliwa vita, mwanangu. Tulisimuliwa mizizi."

Akanieleza jinsi bibi yake alivyofundishwa na mama yake: mzizi gani unachemshwa na kumwagwa maji mara ngapi ndipo usikuue, uroweke mtoni siku ngapi, mkwe asipewe kuupika kama hajawahi. Alizungumza kwa mikono, akionyesha unavyomenywa na unavyokatwa vipande vyembamba. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa sekondari, alikuwa amesimama hapo na simu mkononi. Akamwuliza, "Bibi, mbona hukuwahi kutuambia?" Yule mama akajibu, "Mngekula?"

Ndani ya jengo hakuna kitu kilichonifundisha zaidi ya mazungumzo yale.

Na ukitaka kuona njaa ile kwa macho, basi fungua ramani. Sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa na vijiji kati ya Kilwa, Liwale na Rufiji ilibaki pori, mbung'o wakaenea, tembo wakarudi. Sehemu ya pori hilo ikaja kuingizwa katika Selous, na tangu 2019 eneo kubwa la Selous limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anayepiga picha ya simba huko anaambiwa hii ni nyika ambayo haijaguswa. Iliguswa sana.

6. Waliobeba bunduki walikuwa kina nani?

Tunapenda kusema Wajerumani waliua. Ni sawa kusema hivyo, amri ilikuwa yao na faida ilikuwa yao. Lakini Wazungu katika jeshi lile walikuwa wachache. Walioandamana, waliochoma na waliofunga kamba wengi wao walikuwa askari Waafrika: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo, pamoja na rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, waliookotwa njiani kwa ahadi ya ng'ombe na mateka. Hesabu rasmi ya waliokufa upande wa serikali ni Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Hiyo peke yake inaonyesha nani alitangulizwa mbele.

Nilimwuliza mhifadhi habari zao. Akatazama huku na huku ingawa tulikuwa wawili tu, akasema, "Hao nao ni wa kwetu, kaka. Ukifuatilia sana utawakuta wajukuu zao humuhumu mjini." Miji yote iliyokuwa na boma iko hivyo. Askari alistaafu, akaoa, akajenga karibu na kambi, akazaa. Si jambo la kuwanyooshea watu vidole leo. Ila mtu anayetoka makumbusho ya vita akiwa amewaona watu wema upande mmoja na waovu upande mwingine tu, amesoma nusu ya ukurasa.

7. Nenda na Peramiho

Ni kilomita kama 24 tu kutoka Songea. Wamisionari Wabenedikto walianza pale 1898. Vita vilipofika, misheni ilichomwa. Na Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss pamoja na mabruda na masista aliokuwa akisafiri nao kutoka pwani waliuawa njiani, upande wa Liwale. Leo kuna kanisa kubwa la kupendeza na hospitali ambayo watu wa mikoa jirani wanaijua vizuri.

Kule Songea utaambiwa kwamba baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa. Usikimbilie kuhukumu. Kuna wanaoliona jambo hilo ni rehema ya mwisho na kuna wanaoliona ni ushindi wa pili wa waliowanyonga, na nimekuta maoni hayo yote mawili ndani ya familia moja ya Wakatoliki wazuri, wakibishana huku wakinywa ulanzi.

8. Kitu muhimu kuliko vyote hakipo

Masimulizi ya Songea yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai Nduna Songea, wamtumie. Yeye akakataa kubaki wakati wenzake wameshanyongwa, akataka naye anyongwe. Akanyongwa siku chache baadaye. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kwa hiyo unaposimama mbele ya kaburi lake, simama ukijua ukoo wa Mbano hadi sasa unasubiri.

Kusubiri kwa namna hii tuna historia nako. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa 1898. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ikirudishe kichwa chake ndani ya miezi sita. Kilifika Kalenga mwaka 1954. Kule Kilimanjaro, familia ya Mangi Meli, mtawala mwingine aliyenyongwa na Wajerumani, bado inakitafuta cha kwao. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, Berlin, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki: 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania bara, 22 ya Kenya, na machache yasiyojulikana yalikotoka. Vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu, huko Kilimanjaro. Yaani inawezekana. Ni suala la kutaka, na la fedha.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaingia makumbusho haya, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wao. Akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta. Nilikuwa miongoni mwa waliofuatilia ziara ile kwa moyo mzito na kwa shauku pia, na maoni yangu ni haya: msamaha ulikuwa wa heshima, ulichelewa miaka zaidi ya mia moja, na haujamaliza jambo. Mtu aliyekuja kuomba radhi msibani haondoki na jembe la mwenye msiba. Kichwa kirudi, au kama hakiwezi kupatikana, familia ionyeshwe kwa maandishi kilitafutwa wapi, na nani, na lini.

9. Februari njoo, lakini njoo na siku nyingine

Kila mwaka kumbukumbu ya mashujaa hufanyika mwishoni mwa Februari, kilele kikiwa tarehe 27. Kuna lizombe, kuna mashada, kuna hotuba za viongozi, kuna vumbi la miguu ya wachezaji linalopanda mpaka kwenye turubai la wageni rasmi. Ni siku ya kuiona. Mzee mwenye njuga miguuni akianza kupiga kishindo utasahau hotuba zote. Ila siku hiyo hutapata kuuliza swali hata moja, na hutaona kitu nyuma ya migongo ya watu.

Chagua siku ya kawaida, asubuhi. Mlipe mwongozaji kwa haki na umpe muda. Usimwambie una dakika ishirini. Kama umeleta watoto, waambie kabla hawajashuka garini kwamba pale kuna kaburi, na juu ya kaburi hakupandwi kwa ajili ya picha. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo. Na kama una nafasi, pita Bombambili kwenye makumbusho ya Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, ujue mji huu haukusimama 1906.

10. Wenye habari wanaondoka

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa makwao wakati wa likizo, kila mmoja akae na wazee wa kijiji chake na kuandika walichokiona au kukisikia juu ya Majimaji. Wakati huo bado walikuwapo watu waliokuwa vijana vita vilipopiganwa. Mengi tunayoyajua leo, yale ambayo hayakutoka kwenye barua za maofisa wa Kijerumani, yametoka kwenye daftari za wanafunzi wale. Hawakuwa mabingwa. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye kalamu na kilugha cha nyumbani.

Wazee waliohojiwa wamekwisha. Watoto wao nao wamekwisha. Wanaobaki ni wajukuu, kama yule mama wa Namtumbo, na umri wao unajulikana. Kama una bibi au babu Namtumbo, Peramiho, Liwale, Kilwa au Ulanga, safari hii ukienda likizo kaa naye, washa simu irekodi, na umwulize alisimuliwa nini juu ya njaa ile: walikula nini, walikimbilia wapi, nani hakurudi. Aseme kwa Kingoni, Kingindo, Kimatumbi au Kipogoro, usimlazimishe Kiswahili. Kisha toa nakala, andika jina lake, kijiji na tarehe, uipeleke kwa wahifadhi pale Songea.